Kandambili za Kungojea

Najma, Doha
Ijumaa, kabla ya saa sita

Baba yangu mpendwa, fundi wa kibanda cha kwanza ukitoka stesheni ya Voi,

Kwa heshima zote zinazokustahili, natangaza rasmi mbele yako, mbele ya Mama, na mbele ya mteja yeyote aliyekalia benchi lako saa hii akingoja kiatu, kwamba mimi mwanao Mwadime sasa ni mmiliki halali wa kandambili mbili za plastiki. Ya kushoto ni ya kijani, ya kulia ni ya bluu. Zote mpya. Sikuokota, sikuazima. Mwenye pingamizi aseme sasa, au anyamaze mpaka barua iishe.

Tangazo limekwisha, sasa salamu. Hamjambo nyote? Mgongo wa Mama umetulia? Na wewe Dada Wakesho, unayesoma, hujambo? Soma polepole, na usiruke mahali unapotajwa wewe, maana barua iliyopita Mama alilalamika kwamba ilikuwa fupi, na mimi niliandika kurasa sita.

Baba, macho ndiyo ninayouliza zaidi. Dada ameniambia kwamba siku hizi unatia uzi kwenye sindano kwa vidole na ulimi tu, na kwamba ulishona kiatu cheusi cha mwalimu mkuu kwa uzi wa kahawia, na alipouliza ukamwambia ndio mtindo wa Nairobi. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ameniambia pia jibu ulilompa daktari: kwamba utakubali kutolewa huo mtoto wa jicho mwezi wa nane, lakini sharti mwanao awe ameketi kibandani, kwa sababu kibanda kikifungwa wiki mbili wateja watahamia kwa yule jamaa anayebandika kila kitu kwa gundi. Na daktari amesema mwaka huu ukipita, jicho la kulia hatoi ahadi. Kwa hiyo nimekuwa nikijua kwa miezi sasa kwamba macho yako yanategemea likizo yangu, na likizo yangu, kwa mujibu wa mkataba, ni mwakani. Barua hii inahusu jambo hilo, hata pale itakapoonekana inahusu viatu.

Mimi ni mzima. Bado nakaa Najma, chumba kilekile juu ya duka la kutengeneza simu, pamoja na Okello, yule Mganda niliyewahi kukutajia, mlinzi wa jengo moja refu kule West Bay. Joto limeanza. Ungekuwa huku ungepata kazi nyingi, maana lami ya maegesho inachemka mpaka kiatu cha bei ya chini kinaachana na soli yake, na mwenyewe anaendelea mbele bila habari. Okello husimama juu ya marumaru kutwa nzima, na husema marumaru inachosha miguu kuliko shamba la baba yake. Nimeangalia visigino vya buti zake: vimelika upande wa nje, vyote viwili sawasawa. Wewe ndiye uliyesema kwamba mtu wa visigino hivyo anafikiria kuondoka. Sijamwambia.

Sasa safari. Haji unamjua kwa barua zangu, mzee wa nyumba ninayoiendeshea gari. Goti lake la kushoto limegoma, na mwanawe, ambaye ana shughuli zake Kuala Lumpur, alimtafutia daktari hukohuko Malaysia. Nilichukuliwa kwa sababu Haji hakubali kushikwa mkono na mtu asiyemzoea, na kiti cha magurudumu anakiona kama matusi. Daktari akamwangalia, akasema hakuna cha kupasua. Atembee tu, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mwanawe alikuwa na mikutano, basi sisi wawili tukapelekwa Melaka kwa siku nne, mji wa biashara wa zamani ulio kando ya mto, mwendo wa saa mbili kwa gari. Haji akatembee huko.

Lakini Haji hakwenda Melaka kutembea. Alikwenda kumshinda jirani yake. Kwenye majlisi, ile sebule ya wanaume wanapokutana jioni kunywa kahawa, jirani mmoja alikuwa amedai kwamba Melaka kuna msikiti ambao mnara wake una ghorofa na mapaa kama hekalu la Wachina. Haji alimwita mwongo mbele za watu. Sasa alitaka kwenda kuhakikisha kwamba mnara huo haupo.

Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nimemwomba ruhusa ya mwezi wa nane. Nilimweleza habari ya macho yako kwa Kiarabu changu cha usukani, ambacho kina maneno ya kutosha ya kushoto, kulia na foleni, lakini viungo vya mwili vina upungufu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Inshallah," akafumba macho. Baba, nimekaa huku miaka mitatu. Kuna inshallah ya mtu anayekutazama, na kuna ya mtu aliyefumba macho. Sikuuliza tena. Nilijiambia: siku nne peke yenu, mzee akiwa na furaha, utauliza upya.

Kwa hiyo niliingia Melaka nikiwa na kazi mbili: kuuona mji, na kumfurahisha mtu ambaye hafurahishwi.

Mji niliuangalia kama ulivyonizoesha, kuanzia chini. Njia zake ni nyembamba na nyumba zimebanana, kila moja upana wa mlango na madirisha mawili, lakini ukichungulia ndani huoni mwisho. Kuna chumba, halafu uwazi usio na paa ambapo mvua inanyesha ndani ya nyumba kwa ruhusa ya mwenyewe, halafu chumba kingine, halafu uwazi mwingine. Nilimwuliza mwenye duka mmoja sababu. Akasema zamani kodi ilipimwa kwa upana wa mbele. Nilimvulia kofia moyoni yule wa kwanza aliyeamua kujenga kwenda nyuma. Mbele ya nyumba kuna baraza yenye paa, inaunganika toka duka hadi duka, mtu anatembea kivulini mtaa mzima. Ila kila mwenye nyumba ameweka sakafu yake kimo anachotaka. Unapanda vigae vya maua, unashuka kwenye saruji, unapanda tena ngazi moja ambayo haikutangazwa. Goti la Haji lilitoa maoni yake kila mlango.

Kuna baiskeli za magurudumu matatu zilizofunikwa midoli ya manyoya, zinapiga muziki wa kutosha arusi tatu, zinabeba watalii. Mwendeshaji mmoja, mtu mzima wa rika lako, alikuwa anakanyaga pedali miguu mitupu. Nilihuzunika kama mtoto wa fundi.

Mtaa mmoja una hekalu la Wahindi, msikiti, na hekalu la Wachina, vimefuatana kama vibanda vya stendi. Hapo nilisimama sana. Nje ya hekalu la Wahindi viatu vimetawanyika kama wenyewe walikuwa wanakimbizwa. Nje ya msikiti vimepangwa, ncha zinatazama barabara, tayari kwa kuondoka. Hakuna anayevilinda, na hakuna anayeviiba. Kwa Wachina watu huingia na viatu vyao, kwa hiyo siwezi kusema lolote juu ya imani yao.

Na mnara, Baba, una ghorofa. Una mapaa ya vigae yaliyopandana, kama hekalu la Wachina, vilevile kama jirani alivyosema. Haji aliutazama muda mrefu. Akazunguka upande wa pili, labda huko ulikuwa mnara wa kawaida. Akaingia kuswali, nikamngoja nje pamoja na viatu. Alipotoka akasema, "Tutasema tuliukuta umefunikwa, unakarabatiwa." Nikasema sawa, Haji. Siku hiyo sikuuliza habari ya likizo.

Asubuhi ya pili tukaenda sokoni, lile la wenyeji, si la watalii. Kungumanga, karafuu na mdalasini viko kwenye magunia. Wanasema hivyo ndivyo vilivyoleta meli za dunia nzima pale zamani, na sasa vinauzwa katikati ya betri na vifuniko vya simu. Kuna kamba wadogo waliosagwa wakakaushwa, wamekandamizwa kuwa vipande vya rangi ya tofali, na harufu yake inakusindikiza mpaka nje kama mwenyeji mkarimu. Kuna mashine ya kukuna nazi: unamaliza kuhesabu mpaka tatu, nazi imekwisha. Dada, hapo kwa mashine uruke, Mama asisikie, mgongo wake utakumbuka miaka yote aliyokalia mbuzi. Tukala barafu iliyokwanguliwa, imemwagiwa tui na sukari nyeusi ya mnazi, na ndani yake kuna vitu vya kijani mfano wa minyoo. Ni unga wa mchele uliotiwa rangi ya majani. Haji aliuliza mara mbili kabla ya kula, na baada ya kula aliuliza kama kuna nyingine.

Nikaona furaha hiyo. Nikafungua mdomo nimkumbushe habari ya mwezi wa nane. Wakati huohuo, kati ya meza ya pweza na meza ya ndizi, sakafu ikiwa imelowa, kubadhi la Haji likakatika.

Lazima nikueleze makubadhi hayo. Ni ya ngozi, alishonewa zamani na fundi wa soko la kale la Doha ambaye sasa ni marehemu. Soli ina tabaka tatu, mshono mweupe kando kote, na kitanzi kinachoshika kidole gumba. Mwanawe amemnunulia viatu vya kila namna vya wagonjwa wa magoti, vimepangwa kabatini na karatasi zake. Haji hatembei na kingine ila hayo. Sasa kitanzi cha mguu wa kulia kimeng'oka kwenye soli, na ngozi imechanika kidogo.

Haji akalishika kubadhi mkononi, akanitazama.

"Wewe si mwana wa fundi viatu?"

"Ndimi, Haji."

"Basi?"

Hapa ni lazima niungame kwako. Mwaka wangu wa kwanza, ndani ya gari, nilimwambia Haji kwamba katika mji wetu hakuna anayeshona kama wewe, na kwamba mimi nilikaa kwenye benchi lako miaka kumi. Yote ni kweli. Kukaa nilikaa. Sikusema nilikuwa nikifanya nini. Wewe unajua nilichokuwa nikifanya: nilikuwa nasoma magazeti yaliyofungiwa viatu, kwa hiyo habari za ulimwengu nilizipata zikiwa zimechelewa miezi sita na zikinuka rangi ya kiwi. Kila ulipoliweka kubadhi la mtu magotini na kusema njoo uone, mimi nilikuwa kwenye ukurasa wa habari za nje.

Nikamwambia Haji, "Jioni litakuwa tayari."

Tulirudi hotelini kwa baiskeli ya midoli, kwa sababu miguu mitupu haiwezi lami ya saa tano. Haji aliketi wima, kubadhi mapajani, muziki unalia, akapita mji mzima kama mtu anayekagua gwaride. Hilo nalo halitafika majlisi.

Chumbani kulikuwa na kijisanduku cha kushonea vifungo. Nilivunja sindano zote nne kwenye soli ile. Ya nne ilinichoma, na hapo nikakoma. Jioni Haji hakutembea. Mwanawe akapiga simu kuniuliza kama mzee anafanya mazoezi. Nikasema tumeuona mji vizuri sana. Akasema, "Nilikutuma kwa kazi moja." Sikulala vizuri, Baba. Niliona mwezi wa nane ukiondoka na kile kitanzi.

Siku ya tatu asubuhi nikalifunga kubadhi kwenye gazeti, kwa heshima yako, nikaingia mitaani peke yangu. Wa kwanza alikuwa mtu anayekata funguo na kutengeneza miavuli. Alilitazama, akatoa gundi. Nikamshukuru nikaondoka upesi, kana kwamba ungeniona. Wa pili alikuwa mhunzi, mfua visu, kwenye kijiduka cheusi kwa masizi. Yeye akapendekeza waya. Wa tatu alikuwa mtengeneza majeneza. Niliingia kwake kwa sababu niliona ngozi imetundikwa. Aliligeuzageuza kubadhi kwa huruma, akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia yuko hai, yuko hotelini, anakunywa chai. Akanirudishia.

Lakini ndiye aliyenielekeza. Duka la nne kutoka kona, sakafu iliyo juu kuliko zote. Dirishani kulikuwa na viatu vya ajabu, Baba. Vilikuwa ndara za kike zilizoshonwa shanga juu, shanga ndogo kuliko mbegu za mchicha, maua, ndege na samaki, kila kipande kazi ya miezi. Na rafuni, ndani ya kioo, viatu virefu kama kidole changu cha kati, vya wanawake wa zamani waliofungwa miguu tangu utotoni ili isikue. Fundi yeyote aliyeshona vile aliujua uchungu wa mteja wake na akapima vizuri.

Fundi wa sasa ni mama, umri wa Mama, ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Anaitwa Bi. Lim. Tulizungumza Kiingereza, chake na changu vikisaidiana. Akasema yeye hatengenezi viatu, yeye anaviumba. Aliyeharibu kiatu arudi kwa aliyekishona. Nikamwambia aliyekishona amekufa. Akalivua gazeti kubadhi, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Kidole kile, Baba, kilipita kama chako. Akasema, "Leta mguu." Kitanzi hakishonwi bila kidole chenyewe kupimwa.

Na mguu ulikuwa hotelini, mtupu, na hautembei mtaani bila kiatu. Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilikwenda sokoni kwa muuza kandambili, nikamwambia anifungulie jozi mbili, ya bluu na ya kijani, saizi moja. Nikachukua ya bluu ya kushoto na ya kijani ya kulia, nikamwambia nifungie hizi. Akatabasamu, akazibadilisha. Nikazirudisha. Akazibadilisha tena, polepole, akinionyesha rangi kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Mara ya tatu akaita jirani yake. Nikalipia jozi zote mbili, nikaondoka na zangu kama nilivyotaka, nne zote.

Naapa sikufikiri. Ndivyo nilivyojua tangu nizaliwe kwamba kandambili za kungojea ziko hivyo. Kibandani kwako ni moja nyekundu na moja nyeupe, mteja anavua kiatu, anavaa hizo, anangoja, na hawezi kuondoka nazo kwa sababu atachekwa mpaka kwake. Isipokuwa yule karani wa stesheni aliyejisahau akapanda gari nazo hadi Mwatate. Ni mpaka nilipofika mlangoni kwa Haji, nimezishika, ndipo nikaona ninataka kumvisha nini mtu anayepigiwa saluti kwenye mageti ya Doha.

Alizitazama sana.

"Kwenu mnavaa hivi?"

"Wanaongoja viatu, Haji, ndio."

"Na mimi nangoja?"

"Unangoja, Haji."

Akaingiza mguu wa bluu, akaingiza wa kijani, akachukua fimbo yake.

Kwa Bi. Lim nilimweka Haji kwenye kiti. Bi. Lim alipoitazama miguu yake alicheka mpaka akavua miwani yote miwili. Nikadhani tumeharibu. Kumbe alikuwa anainama, anatoa kitu chini ya benchi lake: kandambili moja nyeusi na moja ya waridi, zimelika, za wateja wake. "Wezi hawapendi rangi mbili," akasema. Nilimtafsiria Haji. Haji akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari nzito ya kibiashara.

Halafu mambo yakanigeukia. Bi. Lim akaniambia, ulisema baba yako ni fundi, kaa. Akanipa msharasi, ile sindano nene ya mpini wa mbao, na uzi uliopakwa nta. Haji alikuwa mbele yangu, mikono juu ya fimbo. Nilikaa, Baba. Nililishika kubadhi kama unavyolishika, nikatoboa kama unavyotoboa, na nikavuta uzi kwa mikono miwili kwenda nje kama mtu anayeogelea, nikiwa na uhakika kwamba nimekuona ukifanya hivyo mara elfu. Nilishona mishono saba. Bi. Lim akalichukua, akalisogeza dirishani, akafumua mitano. Miwili akaiacha, sijui kwa ubora au kwa adabu, akamaliza mwenyewe.

Haji akasema, "Ulisema miaka kumi."

"Nilikaa miaka kumi, Haji. Anayeshona ni baba yangu. Mimi nilikuwa nasoma magazeti."

Bi. Lim akauliza tumesema nini, nikamweleza, na kwa kuwa nilishaanza kusema kweli nikaendelea. Nikamwambia kwamba wewe sasa unashona kwa vidole, na kwamba unaogopa kufunga kibanda kuliko unavyoogopa giza. Hapo akaweka kazi chini. Akaniambia kwamba shanga zilimla macho yake pia, kidogo kidogo, na aliogopa miaka miwili kwenda hospitali. Alipotolewa mtoto wa jicho na kurudi dukani, kitu cha kwanza alichoona ni ndara za bibi arusi alizomaliza wiki ile: shanga alizozishona kama nyeupe zilikuwa za njano. Alifumua kazi ya mwezi mzima.

"Mwambie baba yako," akasema, "kitu cha kwanza atakachoona ni kazi yake mbaya. Baada ya hapo ataona na iliyobaki."

Nakufikishia ujumbe kama ulivyo, Baba. Uzi wa kahawia wa mwalimu mkuu unakungoja.

Hilo nalo nilimtafsiria Haji. Neno la macho halikuja, nikaonyesha kwa kidole. Akaniuliza kama bado unaona. Nikasema unaona kidogo, Haji, unaona mtu amesimama lakini humjui mpaka aseme. Kitanzi kikapimwa kwenye kidole chake, kikakaa sawasawa, makubadhi yakawa mazima, yakawekwa mbele yake. Akayatazama. Akanipa mimi niyashike. Akainuka na zile kandambili, akatoka nje, akapanda na kushuka baraza zote za mtaa ule mpaka darajani, akautazama mto, akarudi. Ilikuwa nusu saa na zaidi. Mimi nilikuwa nyuma na makubadhi kwenye gazeti, nikisikia plastiki inapiga vigae, na goti halikusema kitu.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, asubuhi na jioni. Amerudi Doha nazo. Wiki iliyopita alikwenda nazo majlisi. Jirani aliuliza habari ya mnara. Akaambiwa ulikuwa umefunikwa, unakarabatiwa. Akauliza habari ya kandambili. Haji akasema Melaka watu wa heshima huvaa hivyo, na hakuna aliyebisha, maana hakuna mwingine aliyefika isipokuwa jirani, na jirani hakuangalia miguu.

Juzi akaniita. Akasema, "Mwezi wa nane, wiki tatu. Uende." Akanipa yale makubadhi kwenye mfuko. Anataka uyaone ukishafunguliwa macho, na umwambie kwa kinywa changu, katika kitanzi kile, mishono yangu miwili ni ipi. Yeye anasema anaijua. Mimi mwenyewe nimesahau.

Basi mwambie daktari aandike jina lako. Nitaketi kibandani. Wateja wakija nitawavisha nyekundu na nyeupe, nitawasomea magazeti, na hakuna atakayebandikiwa kitu kwa gundi. Na umwone mwanao jinsi anavyojua kupanga mambo: kandambili mbili zisizofanana zimemfanya mzee mgumu kuliko wote wa Doha atoe likizo kabla ya wakati wake. Okello haamini. Anasema ni bahati. Nimemwambia ni kazi ya fundi.

Nisalimie Mama, na umwambie shuka alizoagiza ninazo. Nisalimie shangazi Mkamburi wa kwaya, mjomba Righa wa gereji, na mwalimu mkuu umwambie avumilie. Barua hii anakuja nayo Bi. Mghoi, muuguzi wa Wundanyi anayefanya kazi huku na anayekuja kuzaa kwao. Mpeni chai, ana mzigo mzito. Dada, asante kwa kusoma, na hapo kwa mashine ya nazi najua hukuruka.

Ni mimi mwanao niliyekaa miaka kumi,
Mwadime

Nimefungua bahasha tena. Karatasi ya tiketi yangu ya mwezi wa nane imeletwa sasa hivi kutoka ofisi ya hapa Doha ya mwanawe Haji, nimeisoma yote kama gazeti. Ilikatwa siku moja baada ya mimi kuomba ruhusa, kabla hatujaenda Melaka.